Rumba, Salsa, Samba na Tango: Setilaiti nne zilizolinda doria katika ngao ya sumaku ya dunia kwa miaka 24

Na Mwandishi Wetu

JUMAPILI ya Septemba 8, 2024, saa 3:47 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, chombo chenye uzito wa takriban kilo 550 kiliingia katika angahewa juu ya Bahari ya Pasifiki ya Kusini kikiwa katika mwendo wa karibu kilomita 11 kwa sekunde, kikavunjika vipande vipande na kuungua.

Chombo hicho, setilaiti ya Shirika la Anga la Ulaya, ESA, iliyopewa jina la Salsa, hakikuanguka kwa bahati mbaya. Mahali pa kuangukia palichaguliwa miezi minane kabla, Januari 2024, pale waongozaji wake walioko katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, walipowasha injini zake ndogo ili kuirekebisha kidogo njia yake.

Kilikuwa kifo cha kupangwa. Kwa mujibu wa ESA, ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti yenye njia ya mzunguko iliyorefuka namna ile kushushwa kwa kulengwa, ili isije ikaangukia penye watu.

Salsa ilikuwa mmoja kati ya ndugu wanne. Wenzake ni Rumba, Samba na Tango, na kwa pamoja waliunda mradi ulioitwa Cluster, neno ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulisema kuwa ni kishada. Majina hayo ya ngoma yalipatikana kwa shindano la wananchi, na mshindi alikuwa mkazi wa mji wa Bristol, Uingereza. Aliona kwamba setilaiti zinazokwenda pamoja kwa kupangana hazina tofauti na wachezaji uwanjani. Kwa msomaji wa ukanda wetu, jina la kwanza halihitaji tafsiri. Rumba ya Kongo, ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, imechezwa katika kumbi za Dar es Salaam na Nairobi tangu enzi za wazee wetu.

Setilaiti hizo ziliundwa kufanya kazi kwa miaka miwili. Zilifanya kazi kwa miaka 24. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana, maana magazeti yana desturi ya kuandika habari za siku roketi inaporushwa kisha yakanyamaza, ilhali kazi yenyewe huanza siku inayofuata.

Ngao isiyo ya zege

Dunia ni sumaku kubwa. Ndani sana, takriban kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, chuma kilichoyeyuka kinachotembea na kuzunguka huzalisha nguvu ya sumaku, ambayo hutoka nje na kuenea mbali angani. Ni nguvu hiyo hiyo inayougeuza mshale wa dira ya nahodha wa jahazi.

Jua nalo halitoi mwanga na joto peke yake. Hutoa pia mkondo usiokatika wa chembe ndogo zenye umeme, protoni na elektroni, unaosafiri kwa kasi ya karibu kilomita 400 kwa sekunde. Wanasayansi huuita upepo wa jua. Gesi ya chembe za namna hiyo huitwa plazma.

Upepo huo unapoifikia dunia hukutana na nguvu ya sumaku na kulazimika kupita pembeni, kama maji ya mto yanavyopita kando ya jiwe. Upande wa mchana ngao hiyo hubanwa hadi umbali wa kilomita 65,000 hivi kutoka katikati ya dunia. Upande wa usiku huvutwa ikawa mkia mrefu unaovuka umbali uliopo kutoka hapa hadi mwezini.

Hata hivyo, ngao hii si ukuta wa zege. Nguvu ya sumaku inayoletwa na upepo wa jua inapokutana na ile ya dunia ikiwa imeelekea upande unaokinzana, mistari ya sumaku ya pande zote mbili hukatika na kuungana upya kwa mpango mwingine. Hapo mlango hufunguka, na chembe pamoja na nishati ya jua huingia. Matokeo yake mazuri ni ile mianga ya rangi inayocheza katika anga za nchi za kaskazini na kusini ya mbali. Matokeo mabaya ni mengi zaidi.

Machi 13, 1989, dhoruba ya sumaku iliuangusha mtandao wa umeme wa jimbo la Quebec, Canada, kwa muda usiozidi dakika mbili, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa saa tisa. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilirusha setilaiti 49 za intaneti, na dhoruba ambayo wataalamu wenyewe hawakuihesabu kuwa kubwa ikalitanua anga la juu kwa joto. Setilaiti 38 kati ya hizo zilikwama katika anga hilo zito zikaanguka. Mei 2024 ilikuja dhoruba ya daraja la juu kabisa, ambayo haikuwa imeonekana tangu mwaka 2003.

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hataiona mianga hiyo akiwa kwake. Lakini ramani iliyo katika simu yake, saa za mitambo ya benki na mawasiliano, na vifaa vya ndege inayotua vinategemea ishara za setilaiti zinazopita katika tabaka la juu la anga lenye umeme. Tabaka hilo katika maeneo ya karibu na ikweta huwa zito, na huchafuka hasa baada ya jua kutua. Linapotikiswa na dhoruba kutoka juani, ishara hizo huyumba.

Kwa nini nne?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kazi hiyo isifanywe na setilaiti moja iliyo nzuri, badala ya nne.

Chukua mfano wa mvua. Mtu amesimama Kariakoo na mvua ikaanza kumnyeshea. Anachokijua ni kwamba dakika iliyopita palikuwa pakavu na sasa pana mvua. Hawezi kujua kama wingu limetoka Mbagala likielekea Mwenge, au limetokea hapo hapo juu yake, au mvua imeanza jiji zima kwa wakati mmoja. Akiwa na wenzake wawili, mmoja Ubungo na mwingine Mbagala, na wote wana simu, wataweza kulinganisha saa na kujua wingu linakwenda wapi na kwa kasi gani. Na wakimpandisha wa nne kwenye paa la jengo refu, watajua pia kama wingu linashuka au linapanda.

Setilaiti za kabla ya Cluster zilikuwa kama mtu yule wa kwanza. Ziliona nguvu ya sumaku ikibadilika ghafla, lakini hazikuweza kusema kama ni mpaka wa ngao uliosogea na kuzipita, au ni kitu kilichobadilika papo hapo. Setilaiti nne zikikaa kama pembe za piramidi yenye kitako cha pembetatu zinatosha kumaliza ubishi huo. Tatu hazitoshi. Jambo hili ni la kukumbukwa, maana ndilo lililowanyima watu usingizi mwaka 2011, kama itakavyoelezwa.

Sekunde 40 za mwaka 1996

Mradi nusura uishe kabla haujaanza. Setilaiti nne za mwanzo zilipakiwa katika roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliyokuwa ikiruka kwa mara ya kwanza. Juni 4, 1996 roketi hiyo iliondoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na baada ya sekunde zipatazo 40, ikiwa haijafika hata kilomita 4 juu, ilipinda, ikaanza kuvunjika na kujilipua.

Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa programu ya kompyuta iliyochukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi wa kwenda pembeni, namba iliyoeleza mwendo huo ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na kompyuta ya kuongoza ikazima. Kompyuta ya akiba, iliyokuwa na programu ile ile, ilikuwa imekwisha kuzima kwa kosa lile lile. La kusikitisha ni kwamba sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya roketi kuondoka ardhini. Iliachwa tu iendelee.

Wanasayansi waliokuwa wametumia zaidi ya miaka kumi kuandaa vyombo hivyo walibaki na vyuma vilivyotawanyika kwenye matope ya Guiana. ESA iliamua kwanza kuunda setilaiti moja kutokana na vipuri vilivyobaki. Ilipewa jina la Phoenix, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka katika majivu yake. Baadaye ilikubaliwa kwamba moja haina maana, kwa sababu ile ile ya mtu wa Kariakoo, na nyingine tatu zikaundwa upya.

Safari hii hazikuwekwa zote katika kapu moja. Zilirushwa mbili mbili kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur, Kazakhstan: Julai 16 na Agosti 9, 2000.

Kuendesha vyombo vinne kama kimoja

Kila setilaiti ilikuwa na umbo la ngoma, upana wa mita 2.9 na kimo cha mita 1.3. Ilijizungusha mara moja kila sekunde nne, kama pia ya watoto, na kwa sababu hiyo hiyo ya pia, haikuyumba. Mzunguko huo pia ulizivuta nje nyaya nne nyembamba zenye urefu wa mita 44 kila moja, zilizopima mawimbi ya umeme katika plazma. Kwa jumla kulikuwa na vyombo vya kisayansi 11 katika kila setilaiti, yaani 44.

Si vyote vilivyotii. Chombo cha kupima ayoni ndani ya Salsa, kwa mfano, hakikufanya kazi tangu mwanzo.

Njia ya mzunguko ilikuwa ndefu kama yai lililovutwa. Mwanzoni ilishuka hadi kilomita 19,000 kutoka duniani na kupanda hadi kilomita 119,000, mzunguko mmoja ukichukua saa 57. Njia hiyo ilibaki imeelekea upande mmoja wa anga huku dunia ikilizunguka jua, na hivyo kila mwaka ulikuwa na misimu yake. Mnamo Februari setilaiti zilichungulia nje ya ngao, ndani ya upepo wa jua wenyewe. Ilipofika Agosti zilikuwa zikikata katikati ya ule mkia wa upande wa usiku.

Kazi za kila wiki ziligawanywa kati ya nchi. Wanasayansi wenye vyombo waliandika maombi yao: huyu anataka chombo chake kiwashwe setilaiti zitakapovuka mpaka wa ngao, yule anataka data nyingi zaidi zitakapopita juu ya ncha ya dunia. Maombi hayo yalikusanywa katika maabara ya Rutherford Appleton, Uingereza, ambako yalipatanishwa na kuwa mpango mmoja. Mpango ulitumwa Darmstadt, ambako ulibadilishwa kuwa maelfu ya amri za kompyuta, na amri zikarushwa angani zikahifadhiwa katika kumbukumbu ya kila setilaiti hadi saa yake ifike.

Upatanishi huo ulikuwa wa lazima. Mwanzoni mradi ulitegemea antena moja, ya Villafranca karibu na Madrid, Hispania, kwa setilaiti zote nne. Kila moja ilipewa zamu ya kuzungumza na dunia, na katika zamu hiyo ilipaswa kumwaga data zote ilizohifadhi, kueleza hali ya betri na joto lake, na kupokea amri mpya. Kwa sababu hiyo data ziliweza kukusanywa kwa takriban nusu tu ya kila mzunguko. Baadaye antena ya pili, iliyoko Maspalomas katika visiwa vya Canary, iliongezwa, na nusu iliyokuwa ikipotea ikapatikana.

Umuhimu wa antena za ardhini si mgeni kwa majirani zetu wa pwani ya Kenya. Kituo cha Malindi, kilichojengwa na Waitaliano, kwa miaka mingi kimepokea data za setilaiti za kigeni, na ni kutoka jukwaa lake la baharini ndipo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa Desemba 12, 1970.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya kupanga upya ile piramidi. Swali moja la kisayansi lilihitaji setilaiti zikae karibu karibu, jingine lilihitaji ziachane mbali. Mara moja au mbili kwa mwaka waongozaji waliwasha injini ndogo na kubadilisha nafasi. Umbali kati yao ulipata kuzidi kilomita 10,000, na mwaka 2013 mbili kati yao zilipitishwa zikiwa zimeachana kilomita 4 tu. Kuvipitisha vyombo viwili kwa umbali wa kutoka Posta hadi Magomeni, vyote vikikimbia kwa maelfu ya kilomita kwa saa na bila ya dereva ndani, si kazi ya mtu mwenye haraka.

Kila zoezi lilikula mafuta, na angani hakuna kituo cha mafuta. Sehemu kubwa ilitumika katika wiki za mwanzo ili kuzifikisha setilaiti katika njia yake. Kilichobaki kilipimwa kwa uangalifu kwa zaidi ya miongo miwili.

Kulala bila betri

Setilaiti hizo zilitumia umeme wa jua. Lakini katika nyakati fulani za mwaka zilipita ndani ya kivuli cha dunia, wakati mwingine kwa muda mrefu, na hapo zilitegemea betri.

Betri za setilaiti nyingine hutumia nikeli, ambayo ina sumaku. Kwa chombo kilichokwenda kupima sumaku hafifu sana hilo lingekuwa sawa na kupima uzito wa karanga huku kidole kikikandamiza mizani. Kwa hiyo zilichaguliwa betri za fedha na kadimiamu, zisizo na sumaku. Dosari yake ilijulikana mapema: hazidumu. Kwa mradi wa miaka miwili hiyo haikuwa hoja.

Miaka ilipozidi kuongezwa, betri zilianza kufa moja baada ya nyingine. Nyingine zilipasuka. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na setilaiti zisizoweza kuvuka kivuli kwa betri hata kidogo.

Kwa kawaida hapo ndipo setilaiti hutangazwa kuwa imekufa. Waongozaji wa Darmstadt walifanya jambo ambalo wabunifu hawakulikusudia. Kabla ya kivuli, walikipasha chombo joto, kisha wakazima kila kitu, kompyuta ikiwamo. Setilaiti iliingia gizani ikiwa haina umeme, ikiendelea kujizungusha kama pia, na baridi ikiitafuna polepole. Ilipotoka upande wa pili, mwanga wa jua uliziangukia paneli zake na vifaa vya msingi vikapata umeme tena. Waongozaji waliipigia, wakasubiri ijibu, kisha wakaiwasha upya hatua kwa hatua, wakaijazia kumbukumbu na kuirudisha kazini.

Walilirudia hilo kila msimu wa vivuli, setilaiti kwa setilaiti, kwa miaka. Kosa moja katika mpangilio wa amri lingeweza kuiacha setilaiti kimya milele. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya mradi huu, ingawa halikupata kurasa za mbele.

Swichi tano za Samba

Machi 2011 vyombo vitano vya Samba, vile vya kupima mawimbi kwa nyaya ndefu, viligoma kuwaka. Amri za kawaida zilitumwa zikarudiwa. Hakuna jibu.

Kama vingepotea, Samba ingebaki angani lakini isingeweza kupima mawimbi pamoja na wenzake. Nne zingekuwa tatu kwa kazi hiyo, na piramidi ingevunjika. Uwezo uliozifanya setilaiti hizo kuwa za pekee ungekwisha kwa sehemu hiyo ya utafiti.

Wahandisi walipochunguza walikuta swichi zote tano za umeme zimefunga kwa pamoja, hali ambayo hakuna aliyeifikiria wakati wa kubuni. Programu iliyokuwamo ndani ya setilaiti haikuwa na njia ya kutoka hapo. Ni kama nyumba yenye milango mitano ambayo ufunguo wa kila mlango umefungiwa ndani ya chumba cha mwingine.

Timu iliyoongozwa na Jürgen Volpp, aliyekuwa meneja wa uendeshaji wa Cluster, ikishirikiana na waliounda chombo na wanasayansi, iliandika kipande cha programu kilichopita kando ya utaratibu wa kawaida ili kuzilazimisha swichi hizo. Kiliandaliwa na kujaribiwa kwa wiki kadhaa. Mwanzoni mwa Juni kilirushwa Samba, na vyombo vikawaka. ESA yenyewe, katika tangazo lake, ilikiri kwamba dawa hiyo ilikuwa ya kubabaisha. Lakini ilifanya kazi.

Walichokiona

Je, jasho hilo lilileta nini? Mambo ni mengi, na hapa tutaje machache tu.

Mwaka 2004 timu ya Hiroshi Hasegawa ilichapisha katika jarida la Nature ushahidi wa vimbunga vikubwa vya plazma kwenye ukingo wa ngao, vyenye upana unaoweza kufikia kilomita 40,000, yaani mara tatu ya upana wa dunia. Vimbunga hivyo hujikunja kama mawimbi ya bahari yanavyojikunja upepo unapovuma juu yake, na huuingiza upepo wa jua ndani hata pale ambapo nadharia ilidhani mlango umefungwa. Data zilikuwa za Novemba 2001, na bila vipimo vinne vya wakati mmoja visingetambulika kuwa ni vimbunga.

Cluster ilisaidia pia kuonyesha kwamba mipasuko ya ngao inaweza kukaa wazi kwa saa nyingi mfululizo, wala si kufunguka na kufunga papo hapo kama wengi walivyodhani.

Mwaka 2013 mtafiti Iannis Dandouras wa Ufaransa, akitumia data za Cluster, alionyesha kuwapo kwa upepo wa polepole unaotoka ndani kwenda nje, unaoondoa karibu kilo moja ya plazma kila sekunde kutoka eneo linaloizunguka dunia. Nadharia ya upepo huo ilikuwapo kwa takriban miaka 20 bila ushahidi wa moja kwa moja.

Setilaiti hizo hazikubaki peke yake. China ilirusha mbili za kwake, Desemba 2003 na Julai 2004, kwa ushirikiano na ESA, zikiwa zimebeba baadhi ya vyombo vya aina moja na vya Cluster. Machi 2015 Marekani ilirusha nne nyingine, zinazoitwa MMS, ambazo hukaa karibu zaidi ili kuchunguza kwa undani namna mistari ya sumaku inavyokatika na kuungana.

Kufunga kazi

Njia ya setilaiti za namna hii haitulii. Mvuto wa jua na mwezi huisukuma na kuivuta kwa miaka, sehemu ya chini ikipanda na kushuka. Mahesabu yalionyesha kwamba mvuto huo huo ungezirudisha zote nne katika angahewa katikati ya miaka ya 2020, watu wapende wasipende. Swali lilikuwa moja tu: zianguke wapi?

Waongozaji wangeweza kuziacha. Hakuna sheria iliyokuwapo wakati zinarushwa ambayo ingewalazimisha kufanya vinginevyo. Lakini chombo cha kilo 550 kikivunjika, huenda vipande vichache vikafika chini. Wakati mafuta bado yapo, kulikuwa na nafasi ya kuchagua bahari. Ndiyo maana ya zoezi lile la Januari 2024: kusogeza kidogo sasa, ili miezi minane baadaye setilaiti ishuke hadi kilomita 80 hivi juu ya sehemu ya Pasifiki isiyokaliwa na watu, si kwingine.

Kulikuwa na faida nyingine. Setilaiti nne zilizo sawa kabisa, zikianguka kila moja kwa pembe tofauti kidogo, ni jaribio adimu la kujifunza jinsi vyuma hivyo vinavyovunjika. Siku ya Salsa, ndege ndogo yenye wanasayansi na kamera nyingi iliondoka Kisiwa cha Pasaka, kilicho chini ya Chile, ikaenda kukisubiri chombo hicho mchana kweupe. Walikiona kikiungua.

Baada ya hapo Rumba, Samba na Tango ziliacha kazi ya kisayansi, zikawa zinaangaliwa tu hali zake. Mpango uliotangazwa na ESA uliipangia Rumba kufuata mwaka 2025, na Samba na Tango mwaka 2026. Mradi mwingine wa kuiangalia ngao ya dunia, SMILE, ulioandaliwa na ESA pamoja na China, nao ulipangiwa kurushwa mwaka huo wa 2026 kutoka Kourou, mahali pale pale ilipolipuka Ariane 5.

Data zote za miaka 24 zimehifadhiwa katika kituo cha ESA karibu na Madrid, na ziko wazi kwa mtu yeyote. Mwanafunzi wa fizikia wa Mlimani, Makerere au Kinshasa anaweza kuzichukua bila malipo, kwa kompyuta na intaneti aliyonayo.